Dafina na Hodi: Utafutaji wa Metali Ardhini na Ushahidi wa Historia ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Kitu cha thamani kilichofukiwa ardhini kina majina mawili katika Kiswahili, nayo yanakaribiana bila kulingana. La kwanza ni hazina na la pili ni dafina. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Hazina kwa asili ni mahali pa kuwekea mali, na ndiyo maana serikali za Afrika Mashariki huita Hazina idara inayotunza fedha za umma. Dafina limetokana na mzizi wenye maana ya kuzika. Ni mali iliyozikwa, na kwa kupanuka kwa maana limekuwa jina la bahati ya ghafla, mali ambayo mtu huipata bila kuitolea jasho. Hazina ina mwenyewe, ina mtunzaji na ina hesabu. Dafina, katika fikra za mzungumzaji wa kawaida, ni ya yule aliyeikuta.

Tofauti hiyo ya maneno imepata uzito mpya kwa sababu ya chombo kimoja. Kitambuzi cha metali kinauzwa madukani na kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye fedha za kutosha anaweza kukinunua. Nchini Uingereza maelfu ya watu hutembea nacho mashambani mwishoni mwa juma kwa kujifurahisha. Afrika Mashariki kinajulikana zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao hukiita ditekta au husema mashine tu. Lakini wapo pia watu wanaokitumia kutafutia vitu vya kale, na baadhi yao hufanya hivyo kwenye magofu, makaburi na fukwe za miji ya kale ya Waswahili.

Mhadhara huu unaeleza mambo matatu: namna mtu anavyoweza kuanza shughuli hii kwa uadilifu, mahali anaporuhusiwa kutafuta, na sababu zinazoifanya kuwa suala la taaluma ya Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya habari iliyomo katika kitu cha kale hutokana na mahali kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Mtafutaji asiyepiga hodi huifuta habari hiyo, hata kama hana nia mbaya.

2.0 Chombo na Majina Yake

Kitambuzi cha metali kina mpini, kisanduku cha umeme, na sahani ya chini yenye koili ya waya. Umeme unaobadilikabadilika hupitishwa katika koili hiyo na kuzalisha uga wa sumaku. Uga huo ukikutana na metali iliyofukiwa, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake, ambao chombo huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Kwa vyombo vya kawaida, sarafu moja ndogo aghalabu haisikiki ikiwa imelala chini zaidi ya sentimita 20 hadi 30. Ardhi nyekundu yenye madini mengi ya chuma, ambayo imeenea Afrika Mashariki, husumbua chombo na kukifanya kilie bure.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maelezo hayo. Kwanza, chombo hakijui umri wala thamani. Kizibo cha soda, msumari, ganda la risasi na dinari ya dhahabu vyote humfanya mtafutaji ainame achimbe. Pili, chombo husikia metali peke yake. Kigae cha chungu, ushanga wa kioo, mfupa, mkaa na punje ya mtama iliyoungua havilii. Kwa mwanaakiolojia hivyo ndivyo vinavyoeleza nani aliishi mahali hapo na lini, lakini kwa mtafutaji mwenye pupa ni takataka za kutupwa pembeni ya shimo.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno chuma, metali na madini huchanganywa. Chuma ni metali moja miongoni mwa nyingi. Metali ni jina la jumla linalojumuisha dhahabu, fedha, shaba na nyinginezo. Madini ni vitu vinavyochimbwa ardhini katika hali yake ya asili. Mchanganyiko huo una athari za kisheria. Anayetafuta dhahabu ya asili nchini Tanzania anaingia katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na anahitaji leseni inayotolewa chini ya sheria hiyo. Anayetafuta sarafu au pete ya kale anaingia katika Sheria ya Mambo ya Kale. Leseni ya mmoja haimfai mwingine, na anayekiita chombo chake “mashine ya madini” huenda akajidanganya kwamba karatasi moja inamtosha kote.

3.0 Sarafu Zilizosema na Sarafu Zilizonyamaza

Thamani ya mahali inaonekana vizuri zaidi katika sarafu za pwani. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Upande mmoja huwa na jina la sultani, na upande wa pili huwa na maneno ya kumtegemea au kumtukuza Mungu yaliyochaguliwa ili yawe na kina kimoja na jina hilo. Kwa hiyo sarafu ya Kilwa ni maandishi yenye vina, na kwa mwanafunzi wa fasihi ya Waswahili ni ushahidi kwamba sanaa ya vina ilithaminiwa katika miji hiyo karne nyingi kabla ya hati za kale zaidi za tenzi zilizobaki hadi leo. Kasoro yake ni moja: nyingi ya sarafu hizo hazikuandikwa mwaka.

Aliyejulikana zaidi miongoni mwa masultani hao ni Ali bin al-Hasan. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuaji wa Kilwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, alimweka karibu na mwisho wa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, likapatikana fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo zilikuwa za nje, zikiwemo za Wafatimi, nazo ziliandikwa miaka. Za mwisho miongoni mwake zilikuwa za miaka ya 1060. Sarafu zisizo na mwaka zikapata umri wake kutoka kwa jirani zake. Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma kwa zaidi ya miaka mia moja, na pamoja naye ikabidi historia ya mwanzo wa usultani wa Kilwa ifikiriwe upya. Tarehe ya Kilwa, maandishi yanayosimulia habari za watawala hao, iliandikwa takriban katika karne ya 16, muda mrefu baada ya matukio yenyewe. Haingeweza kutatua suala hilo peke yake.

Hebu ichukuliwe kwamba fungu hilo lingekutwa na mtu mwenye pupa. Dinari za dhahabu angeziuza kwa sonara. Vipande vya fedha, vilivyo vidogo na visivyopendeza, angevigawa au kuvitupa. Kila sarafu ingebaki nzima, na maandishi yake yangesomeka. Lakini uhusiano baina ya dhahabu yenye mwaka na fedha isiyo na mwaka ungekufa, na elimu iliyotokana nao isingezaliwa.

Mfano wa upande wa pili unatoka mbali. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilitambuliwa baadaye kuwa za Kilwa. Isenberg hakuwa na kosa. Alikuwa kazini vitani, na aliweka alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Lakini hakuna aliyechunguza mchanga ule wakati huo, wala aliyejua kama sarafu zote tisa zilifika pamoja. Watafiti walirudi huko mwaka 2013, takriban miaka sabini baadaye, wakiongozwa na ramani yake. Hadi leo swali la namna sarafu za Kilwa zilivyovuka bahari hadi Australia lina dhana nyingi na jibu lisilo na uhakika. Sarafu za Mtambwe Mkuu zilisema kwa sababu zilisomwa kama fungu moja. Za Wessel zina majina ya masultani yanayosomeka, lakini habari za safari yao zimenyamaza.

4.0 Hodi katika Fikihi na Sheria

Wazo kwamba mwokotaji ana wajibu halikuletwa pwani na sheria za kisasa. Fikihi ya Kiislamu hutofautisha rikazi na lukata. Rikazi ni mali iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu, na aliyeipata hutoa sehemu moja kwa tano. Lukata ni kitu kilichompotea mwenyewe, ambacho mwokotaji hupaswa kukitangaza kwa mwaka mmoja. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mali iliyofukuliwa ikiwa na alama ya Kiislamu, kama vile jina la mtawala Mwislamu, haihesabiwi kuwa rikazi. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa. Asipojulikana, mali hiyo ni lukata. Kwa kipimo hicho, sarafu ya sultani wa Kilwa si dafina ya kutiwa mfukoni kimyakimya. Maandishi yaliyo juu yake yenyewe ndiyo yanayomlazimisha mwokotaji kutangaza.

Sheria za leo zinafuata mkondo unaofanana. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, mbali na vitabu na nyaraka, ambavyo vina masharti yake. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali. Kuvitafuta bila leseni ni kosa, na aliyekikuta kitu kwa bahati anapaswa kutoa taarifa katika siku saba. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Mpaka wake ni mwaka 1863: vitu vilivyotengenezwa na wanadamu kabla ya hapo vinalindwa, uchimbuaji wake unahitaji leseni, na ugunduzi wa bahati lazima uripotiwe kwa mamlaka. Sheria hiyo pia inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali pengine kuwa pa kulindwa. Zanzibar ina sheria na idara yake yenyewe ya makumbusho na mambo ya kale.

England ilichagua njia tofauti. Huko kutafuta kwa kitambuzi kunaruhusiwa, mradi mwenye ardhi ameridhia na mahali penyewe si miongoni mwa maeneo ya kale yaliyoorodheshwa kulindwa chini ya sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997, inamtaka aliyepata mali ya aina zilizotajwa, kama mafungu ya sarafu zenye umri zaidi ya miaka 300, kutoa taarifa katika siku 14. Makumbusho ikiitaka mali hiyo hulipa thamani yake, na malipo aghalabu hugawanywa kati ya mpataji na mwenye ardhi. Vitu visivyoitwa hazina kisheria huandikwa kwa hiari katika mpango wa kumbukumbu ulioanza mwaka huohuo wa 1997, na sasa zaidi ya vitu milioni 1.5 vimeandikwa pamoja na mahali vilipokutwa.

Hata hivyo, uhuru huo una walioutumia vibaya. Mwaka 2015 wanaume wawili walifukua fungu la mali ya zama za Viking karibu na Leominster, magharibi mwa England, wasitoe taarifa. Inakadiriwa lilikuwa na sarafu 300 hivi. Kufikia hukumu yao mwaka 2019, walipofungwa kwa miaka mingi, zilikuwa zimepatikana kama 30 tu. Chache zilizookolewa zilionyesha wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa pili wa Mercia, wakishirikiana, ilhali maandishi ya upande wa Wessex yalimdharau Ceolwulf kama kibaraka asiye na maana. Kama ilivyokuwa Pemba, sarafu ilisahihisha tarehe iliyoandikwa na washindi. Tofauti ni kwamba huko sehemu kubwa ya ushahidi ilitawanywa kabla ya kusomwa.

5.0 Mahali Panaporuhusiwa

Aliye England ana mahali pengi pa kuanzia: shamba la mtu aliyempa ruhusa ya maandishi, chama cha watafutaji chenye makubaliano na wenye mashamba, au ufukwe ambao mwenyewe ameruhusu. Kingo za mto Thames mjini London zinahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya mji huo. Hakuna mahali pasipo na mwenyewe.

Aliye Kenya au Tanzania lazima aanze na ukweli mchungu zaidi: kutafuta vitu vya kale kama burudani binafsi hakuna nafasi katika sheria. Magofu kama Gedi, Kilwa Kisiwani, Kaole na Mtambwe Mkuu si mahali pa kwenda na kitambuzi, hata ikiwa hakuna ua wala mlinzi. Fukwe zilizo karibu na magofu hayo ni sehemu ya miji ileile, kwa kuwa bahari hula kingo na kuacha vitu mchangani. Makaburi hayaguswi kwa sheria wala kwa desturi.

Yapo masimulizi yaliyoenea Tanzania Bara kuhusu mali iliyoachwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ukweli uliomo ndani yake ni mdogo lakini upo: mwaka 1916, utawala wa Kijerumani uliokuwa umezingirwa ulitengeneza mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zipatazo 16,000, pamoja na heli za shaba nyekundu na ya njano. Kutokana na kiini hicho yamezuka masimulizi ya masanduku yaliyofukiwa chini ya maboma na miembe, na watu wamechimba misingi ya majengo ya kale wakiyatafuta. Sarafu ya 1916 ni ya baada ya mwaka 1863, lakini jambo hilo halimpi mtu ruhusa ya kubomoa boma wala kuingia shamba la mwenzake. Isitoshe, maeneo yaliyopiganiwa, kama Salaita karibu na Taveta, yanaweza kuwa na risasi na mabomu ambayo bado yanalipuka. Anayekuta kitu cha namna hiyo hakigusi. Huweka alama, huondoka na kuita polisi.

Yanabaki mambo matatu yanayowezekana. La kwanza ni kutafuta kitu cha leo kilichopotea, kama pete au funguo, katika ua wa mwenyewe au kwa idhini ya mwenye shamba. La pili ni ufukwe wa kisasa wa mapumziko, kwa idhini ya mamlaka inayousimamia na baada ya kuuliza makumbusho kama pana mabaki ya kale. La tatu, ambalo lina faida kubwa kuliko yote, ni kujitolea katika uchimbuaji wenye leseni. Vyuo vikuu na makumbusho za Afrika Mashariki hufanya kazi hizo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Katika kazi ya namna hiyo kitambuzi huwa chombo cha elimu, kwa kuwa kila mlio hupimwa na kuandikwa kabla ya kitu kuinuliwa.

6.0 Mwenendo wa Mtafutaji Mwadilifu

Desturi ya Waswahili inampa mtafutaji kanuni iliyo fupi kuliko sheria zote: hubishi hodi, huingii. Ruhusa huombwa kwa mwenye ardhi, na pale ambapo ardhi ni ya kijiji huombwa kwa uongozi wa kijiji. Inafaa iandikwe, itaje mipaka ya eneo, na ieleze mapema nani atamiliki kitakachopatikana pale ambapo sheria inaruhusu umiliki. Neno la mdomo hutosha mpaka siku dhahabu itakapoonekana. Baada ya hapo kila mmoja hukumbuka lake.

Anapopata kitu kinachoelekea kuwa cha kale, mtafutaji huacha kuchimba. Huchukua picha kikiwa mahali pake, huandika mahali hapo kwa vipimo vya GPS, kina chake na vitu vilivyo jirani, kisha hutoa taarifa. Akikuta sarafu mbili tatu pamoja, hiyo ni ishara ya kusimama kabisa, kwa sababu huenda ni fungu, na fungu linafukuliwa na wataalamu. Hakisugui kitu kwa mchanga, ndimu wala brashi, kwa kuwa kung’arisha shaba ya kale ni kufuta maandishi. Katika mashamba yanayolimwa, mtafutaji hubaki katika udongo uliokwisha kupinduliwa na jembe, ambao mpangilio wake umevurugika tayari. Mashimo hufukiwa na takataka huondolewa, zikiwemo zile ambazo yeye hakuzitupa.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana mchango wake. Mara nyingi mahali pa kale hujulikana kwa jina kabla ya kujulikana kwa jembe. Majina ya mitaa, visima na makaburi, pamoja na masimulizi ya wazee, yamewaongoza wataalamu wengi. Anayekusanya majina hayo kijijini hukabidhiwa habari za mahali. Akizichapisha pamoja na ramani kamili bila kuziwasilisha kwanza kwa wahifadhi, anaweza kuwa amemwonyesha mchimbaji wa usiku njia. Wajibu wa kupiga hodi unamhusu mwenye kalamu kama unavyomhusu mwenye kitambuzi.

7.0 Hitimisho

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hufahamika kama wito wa kuvumilia taabu, nayo inamfaa mtafutaji wa metali kwa maana zote mbili za kuinama: kuinamia ardhi na kuwanyenyekea wenye ardhi. Aliye tayari kuomba ruhusa, kusubiri leseni na kutoa taarifa ana nafasi katika kazi hii, na huenda akachangia elimu ambayo maandishi peke yake hayaitoi. Asiye tayari ni heri aache.

Miji ya Waswahili iliandika habari zake kwa njia nyingi, na mojawapo ilikuwa vipande vya shaba na fedha vyenye jina la mtawala na kina cha dua. Vingi bado viko chini, na havina nakala. Vikichukuliwa kuwa dafina, kila kimoja ni bahati ya mtu mmoja kwa siku moja. Vikichukuliwa kuwa hazina, vina mwenyewe, naye ni umma. Vina mtunzaji, na lazima viwe na hesabu ya mahali vilipotoka.